Tovuti, potali au intraneti: shule ianze na ipi?

Mwaka ukikaribia kuisha shule nyingi zinakaa kupanga bajeti na hapo ndo mtu anainuka kwenye kikao anasema na sisi tuwe na mfumo bwana, wenzetu wote wanao. Wote wanaitikia. Sasa mkuu wa shule kichwani ana tovuti yenye picha za majengo na mabasi, mhasibu anataka wazazi waone madeni yao wenyewe wasimpigie simu saa mbili usiku, mwalimu wa taaluma anataka maksi ziingizwe sehemu moja badala ya flashi kuzunguka ofisi nzima na virusi vyake, na mwalimu wa TEHAMA yeye anataka tu watoto wasome vitu pale maabara bila kuchangishana bando. Bajeti moja, mahitaji manne, alafu anaitwa kijana mmoja wa kompyuta na anatengeneza kile anachokijua yeye.

Kwa hiyo kabla hamjaulizana bei tuelewane tunaongelea vitu gani. Tovuti ya wazi ni ile ambayo yeyote mwenye intaneti anaifungua, haulizwi wewe nani. Potali nayo iko intanetini ila mlangoni unaulizwa namba na neno la siri, na ukishaingia unaona vya kwako tu, mwanao, ada yake, maksi zake. Intraneti inaishi ndani ya shule, kwenye seva (kompyuta inayohifadhi vitu na kuwagawia wengine) iliyopo hapo hapo shuleni, inafunguka kwa kompyuta zilizoungwa kwenye mtandao wa shule na ukishatoka getini huioni tena. Ukiziangalia kwenye kioo zote tatu zinafanana maana zinafunguka kwa brauza ile ile, ndo maana watu wanachanganya. Tofauti iko kwa nani anaweza kufika na akiwa wapi.

Naandika nikifikiria zaidi sekondari za Tanzania maana ndo nazozunguka nazo, ila wa Kenya mtajikuta humu sehemu nyingi tu.

VYA KUPIMIA

Mimi natumia vitu vitano, na nitavirudia hivyo hivyo kwa kila moja ili tusipendelee.

Cha kwanza, nani anafungua na ana kifaa gani mkononi. Hiki kinasahaulika kuliko vyote. Shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na wa bweni ndo kabisa, kwa hiyo muuzaji akikwambia mwanafunzi ataingia kwenye akaunti yake kuangalia kazi aliyopewa, muulize ataingia na nini na saa ngapi. Wazazi nao wamo wa aina zote, kuna mwenye simu kubwa na bando la mwezi na kuna bibi anayemlea mjukuu wake na kitochi chake.

Cha pili, umeme na mtandao, yaani TANESCO wakikata au laini ikisumbua nini kinakufa na nini kinaendelea.

Cha tatu, siri na sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kwenye sheria hiyo taarifa za watoto zimewekwa kundi la taarifa nyeti. Shule karibu kila inachokusanya ni taarifa za watoto. Wanaokusanya taarifa wanatakiwa wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na shule haijaachwa nje.

Cha nne, hela, na hapa tenganisha hela ya kuanzia na hela ya kila mwaka maana wauzaji wanapenda kukutajia ile ya kwanza tu. Cha tano, nani ataitunza, na simaanishi kampuni, namaanisha mtu mwenye jina hapo shuleni ambaye jambo hili limo kwenye ratiba yake ya wiki.

Alafu fanya kazi moja ya bure kabla ya yote. Weka daftari ofisini kwa katibu muhtasi, wiki mbili tu, kila simu inayoingia na kila mtu anayekuja dirishani liandikwe swali lake na yeye ni nani. Ada ni shilingi ngapi, nimelipa mbona hamjaona, mtoto kapata ngapi, fomu napata wapi, mnafunga lini. Baada ya hizo wiki mbili soma. Maswali ya watu msiowajua yakiwa mengi, hiyo ni kazi ya tovuti. Maswali ya wazazi wa watoto mlionao ambayo jibu lake linatofautiana mtoto kwa mtoto, hiyo ni potali. Na yale ambayo hayajaandikwa kabisa kwa sababu walimu na wanafunzi wanamalizana nayo wenyewe ndani, wapi nitapata mtihani wa mwaka jana, nani ana ratiba mpya, nani ana noti za Topic ya tatu, hayo ndo ya intraneti na itabidi uende staff room ukayasikilize.

TOVUTI YA WAZI

Nani anafungua. Watu wasiokujua, au wanaokujua kwa jina tu. Mzazi yuko Muscat anatafuta bweni la binti yake nyumbani, mwalimu anataka kuomba kazi, mtoto kapangiwa kwenu na hajawahi kusikia hata wilaya yenyewe. Wanakuja mara moja au mbili, kwa simu, na wanataka vitu vichache: ada, shule iko wapi na unafikaje, ni kutwa au bweni, michepuo gani ya kidato cha tano mnayo, fomu ya maelekezo ya kujiunga, namba inayopokelewa. Basi. Ukurasa wa neno la mkuu wa shule hauna msomaji, nisamehewe na wakuu wote.

Na ada iandikwe. Kuna huu ugonjwa wa shule binafsi kuficha ada, "kwa maelezo zaidi piga simu", mzazi anafungua tovuti tatu na moja ndo imeandika ada pamoja na michango yote, unadhani atampigia nani kwanza?

Kwa shule za serikali kazi ya tovuti ni ndogo zaidi maana nusu imeshafanywa na wengine. Waliochaguliwa kidato cha tano wanatangazwa na TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia shule hizi) na fomu za kujiunga wanazitoa huko huko, matokeo ya taifa yako kwenye tovuti ya NECTA, baraza la mitihani, shule kwa shule. Kwenye matokeo nako msijisumbue sana na mabango ya sisi ni wa kwanza, NECTA wenyewe waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kuanzia matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023, na mzazi makini anaingia kule anahesabu divisheni wani na ziro mwenyewe.

Umeme na mtandao. Hapa tovuti ina raha yake, seva haiko shuleni, kwa hiyo umeme ukikatika kwenu haina habari. Tatizo liko upande wa msomaji, ukimwekea picha za graduation nzito na fomu iliyoskaniwa kurasa kumi na mbili za MB 20, anaiacha njiani. Fomu ichapwe itoke PDF safi ya maandishi, inakuwa KB mia na kitu.

Siri na sheria. Chukulia kila kinachowekwa hapa kimesomwa na dunia nzima na hakifutiki. Mara nyingi nakuta PDF ya wanafunzi waliopokelewa, majina kamili, shule walizotoka na namba za simu za wazazi, iko wazi na Google imeshaiokota. Walioiweka hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wanarahisisha kazi. Hata picha tu. Kenya mwezi Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data iliipiga shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Milioni nne na nusu za Kenya, kwa picha. Kwa hiyo kwenye fomu ya kujiunga weka sehemu ya mzazi kukubali au kukataa picha, na anayekataa aheshimiwe. NECTA kwenye matokeo ya sekondari wanaweka namba ya mtihani bila jina, igeni hapo.

Hela. Ndogo kuliko zote tatu. Jina la .sc.tz, ambalo ni kwa ajili ya shule (Kenya ni .sc.ke), kwa mwaka halifiki hata nauli ya basi la shule ya mtoto mmoja kwa muhula. Cheti cha kufanya brauza isiandike si salama kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt ila kinaisha kila baada ya siku 90 kwa hiyo kiwekwe kijifanyie upya chenyewe. Kitu kimoja tu nasisitiza, jina lisajiliwe kwa jina la shule na kwa barua pepe ya ofisi. Likisajiliwa kwa jina la kijana aliyetengeneza, siku akipata kazi Dodoma akabadilisha laini mtaanza kutafutana.

Nani ataitunza. Mtu mmoja, nusu siku kwa mwezi, na siku mbili tatu Desemba ada mpya zikipitishwa. Inaonekana rahisi na ndo maana inatelekezwa, unafungua leo unakuta "nafasi za masomo 2019". Mzazi akiona hivyo anajiuliza na maabara je.

Inawafaa: shule binafsi inayotafuta wanafunzi, shule mpya, shule iliyo mbali na mjini yenye watoto wa kutoka mikoa mingi. Haimsaidii sana mzazi ambaye mwanae yuko kwenu tayari, huyo alishaijua njia.

POTALI

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye hela nyingi na ndo penye maumivu.

Nani anafungua. Kwa hali yetu ni wazazi, mhasibu na walimu. Mwanafunzi kwenye potali ya sekondari ya bweni mara nyingi ni akaunti tu ambayo haijawahi kufunguliwa, vyuoni ni tofauti kabisa kule kila mtu ana simu yake. Kwa hiyo ukilinganisha mifumo usivutwe na vitufe vya mwanafunzi, angalia mzazi anaona nini kwenye sekunde kumi za kwanza: salio la ada, ripoti ya muhula, tangazo la kufunga na kufungua shule. Na yule mwenye kitochi? Potali nzuri inatuma na meseji ya kawaida. Meseji moja ni herufi 160, "Asha F2B: wastani 64, nafasi ya 12/48, deni 150,000" inaenea na nafasi inabaki. Mfumo usiotuma meseji umeshawaacha wazazi wengi nje, na mara nyingi ndo wale wale ambao hawawezi kupanda basi kuja kikaoni.

Kuna jambo la wazazi kubadilisha laini. Kila Januari namba kadhaa zimekufa au ziko kwa mtu mwingine, na kama mfumo unatuma namba ya siri kwa simu basi kuna mtu asiyemjua mtoto anapokea. Siku ya kufungua shule, pale pale kwenye mstari wa kupokea watoto, namba zihakikiwe upya. Vile vile uliza mapema nani anaruhusiwa kuona, baba na mama wametengana, mlezi ni shangazi, mfadhili analipa ada lakini je aone na ripoti? Mfumo mwingine unaruhusu akaunti moja tu kwa mtoto na hapo ugomvi wa nyumbani unahamia kwa mhasibu.

Umeme na mtandao. Mzazi anahitaji mtandao na shule inahitaji mtandao, pande zote mbili. Mei 2024 wengi mnakumbuka, tarehe 12 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa wakati mmoja na Tanzania tukawa kati ya walioumia zaidi, intaneti ikawa ya kubahatisha. Kwa mwalimu aliyekuwa anaingiza maksi kwenye mfumo ambao seva yake iko Ulaya ilikuwa ni kukaa kusubiri. Uliza kama mwalimu anaweza kujaza maksi kwenye Excel akiwa hana mtandao alafu akazipandisha baadaye, hicho kitu kimoja kinaokoa muhula.

Siri na sheria. Ina kufuli, ndiyo, ila kufuli bovu ni hatari kuliko mlango ulio wazi sababu watu wanaweka vitu vya ndani wakidhani viko salama. Fanya jaribio hili mbele ya muuzaji: ingia kama mzazi, fungua ripoti ya mtoto, angalia juu kwenye anwani ya brauza. Kama mwisho kuna namba mfano 1043, badilisha iwe 1044 ubonyeze. Ikifunguka ripoti ya mtoto wa mwenzio, funga laptop, mshukuru kwa muda wake, kikao kimeisha. Lingine, neno la siri la kuanzia likiwa ni namba ya usajili ya mtoto basi darasa zima linaweza kuingia akaunti za wenzao. Na mkataba uandikwe taarifa ni mali ya shule na seva iko nchi gani, maana sheria yetu ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi.

Hela. Wengi wanachaji kwa kichwa cha mwanafunzi kwa muhula au mwaka, inaonekana ndogo, zidisha kwa wanafunzi 600 ndo uone. Meseji zinalipiwa pembeni. Kufundisha walimu pembeni. Kuunganisha na benki saa ingine pembeni tena. Kuhusu malipo, mabenki yetu makubwa yana utaratibu wa kukusanya ada kwa namba ya kumbukumbu ya kila mtoto, mzazi analipa kwa simu na shule inajua ni ya nani bila kuletewa pay-in slip. Potali isipoungwa na huo utaratibu itabidi mhasibu apige chapa malipo moja moja, mzazi kalipa Jumatatu, deni bado linasoma Alhamisi, anapiga simu kwa hasira, na sasa mhasibu ana kazi mbili badala ya moja. Kama hamuwezi kuunganisha benki mwaka huu, heri msionyeshe salio kabisa, onyesheni ripoti na matangazo tu.

Nani ataitunza. Kila mwalimu. Hapo ndo siri ya potali, haitunzwi na mtu mmoja. Mwalimu mmoja wa Baiolojia asipoingiza maksi zake, ripoti za kidato kizima hazitoki, na mzazi haoni "mwalimu wa Baiolojia kachelewa", anaona shule ya ovyo. Kabla ya kununua muulize mwalimu wa taaluma, sasa hivi kwa karatasi maksi zote zinamfikia siku ngapi baada ya mtihani? Akisema wiki tatu, mfumo hautamfanya yule wa wiki tatu awe wa siku tatu, utamfanya aonekane na wazazi wote. Na shule za serikali mkumbuke walimu wana mifumo ya serikali ya kujaza pia, kila mfumo mpya ni kazi juu ya kazi. Msiwaletee wa tatu bila kuwapunguzia karatasi fulani.

Inawafaa: shule yenye wazazi waliotawanyika, yenye ada ya awamu kadhaa, yenye utaratibu wa maksi ambao tayari unafanya kazi kwa karatasi. Kutwa ya mtaani ambayo mzazi anapita getini kila siku, faida ni ndogo sana ukilinganisha na gharama.

INTRANETI

Nani anafungua. Wanafunzi na walimu, wakiwa ndani. Hii ndo pekee kati ya zote tatu ambayo mwanafunzi wa bweni anaifikia kweli, maana kompyuta za maabara zipo na haihitaji simu yake. Kinachowekwa ni mitihani iliyopita, noti, ratiba, video za maabara, mazoezi. Kolibri ya Learning Equality ni ya bure na imetengenezwa makusudi kwa sehemu zisizo na intaneti, unapakua masomo mara moja sehemu yenye mtandao mzuri alafu maabara nzima inasoma kutoka kwenye seva, Khan Academy imo. Kiwix nayo inakupa Wikipedia bila mtandao, ya Kiingereza nzima na picha zake ni zaidi ya GB 100, diski ya kawaida tu inaibeba, ya Kiswahili ni ndogo zaidi sana. Vitabu vya TET (Taasisi ya Elimu) vya maktaba mtandao vinasomwa kwa intaneti na vina hakimiliki, msivinakili kwenye seva yenu bila ruhusa.

Mzazi? Haimhusu. Na mkumbuke Machi 2020, shule zilifungwa kwa korona, kidato cha sita wakarudi Juni 1 na wengine mpaka Juni 29, kipindi chote hicho seva ya shule ilikuwa inahudumia chumba kitupu. Huo ndo udhaifu wake mkubwa.

Umeme na mtandao. Intaneti ikikatika haijui, hata zile siku za Mei 2024 maabara yenye intraneti iliendelea na vipindi. Umeme ndo adui. Seva inataka UPS, yaani betri ya kuishikilia umeme ukikatika, na kama mmeamua kutumia Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo cha kiganjani, sababu ni rahisi na inakula umeme kidogo basi mjue umeme ukikatwa ghafla mara nyingi kadi yake ya kumbukumbu inaharibika, wekeni hata betri ndogo na muwe na kadi ya pili iliyonakiliwa. Na msijaribu kuunganisha kompyuta arobaini kwa Wi-Fi ya rauta ya nyumbani, video ya kwanza tu kila kitu kinaganda. Vuteni waya na swichi (kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwa waya), kazi ya mara moja.

Siri na sheria. Hapa pana usalama wa asili maana mtu wa nje hafiki. Ila wa ndani ndo wengi, na wana muda, na wamo watundu. Mitihani ambayo haijafanyika isikae kwenye seva inayofikiwa na maabara, hata kama folda ina neno la siri. Sitaongeza hapo.

Hela. Ya kuanzia inauma: seva, UPS, swichi, nyaya, fundi. Programu ni bure zote nilizotaja, Moodle, ya kuweka masomo na mazoezi, pia ya bure. Baada ya hapo kila mwaka ni umeme na kubadilisha betri ya UPS na diski ikichoka. Kwa miaka mitano mara nyingi inakuja kuwa rahisi kuliko potali, ila bodi inaona ile hela ya mwanzo tu inakataa.

Nani ataitunza. Mwalimu wa TEHAMA, na akihamishwa? Hii imeua intraneti nyingi kuliko umeme. Lazima kuwe na wawili wanaojua, na karatasi yenye anwani ya seva na maneno ya siri ndani ya bahasha kwenye kabati la mkuu wa shule. Bakapu iwe kwenye diski ya nje na diski hiyo ilale jengo lingine, mwizi akibeba kompyuta za maabara habagui.

Inawafaa: bweni lenye maabara, shule ya mbali ambako intaneti ni ghali au ya kusuasua, walimu wanaopenda kushirikishana vitu. Shule isiyo na kompyuta za kutosha isianze hapa.

NA GRUPU LA WHATSAPP JE?

Lazima mtu aulize. Grupu linafanya kazi na sisemi mlifute, kwa tangazo la basi limechelewa hakuna kinacholishinda. Ila tangazo la ada linazama chini ya salamu za Ijumaa kareem na mabango ya misiba ndani ya saa moja, namba za wazazi wote ziko wazi kwa wote, na maksi za mtoto zikitumwa kwenye grupu mmeshatangaza kwa watu mia. Lifungwe admini pekee ndo waandike, na lielekeze watu kwenye kitu cha kudumu popote mlipokiweka.

KWA HALI YAKO SASA

Shule mpya ya binafsi, wanafunzi hawajajaa, hela kidogo: tovuti ya kurasa nne tano yenye ada na fomu, na namba ya simu inayopokelewa na mtu aliyelala vizuri. Ripoti ziende kwa karatasi na meseji. Potali subirini mpaka mfike mahali mhasibu anazidiwa kweli.

Bweni kubwa, wazazi wako mikoani na nje ya nchi, ada awamu nne: potali ndo itawapumzisha, muungane na benki kwanza, ila muanze na kidato kimoja kwa muhula mzima kabla ya shule nzima. Tovuti mnayo tayari pengine, ipunguzwe iwe nyepesi.

Sekondari ya kata yenye maabara iliyoletwa na mradi na intaneti ya modemu ya mwalimu: intraneti, bila kufikiria sana. Wazazi wako kilomita chache, kikao na mbao za matangazo bado vinafanya kazi, na masuala ya kupangiwa na matokeo yako TAMISEMI na NECTA.

Shule ya serikali ya bweni ya kitaifa, ina wahitimu wengi wanaotaka kuchangia: tovuti kwa ajili ya wahitimu na fomu, intraneti kwa ajili ya wanafunzi. Wahitimu wa IT mnao, waombeni seva badala ya kuwaomba rangi ya ukuta.

Shule inayobishana kati ya potali na intraneti na hela ni ya moja tu: rudini kwenye daftari la katibu muhtasi. Kurasa zikijaa wazazi, potali. Kama malalamiko mengi yanatoka staff room na maabara inakaa tupu mchana sababu hakuna cha kufanya humo, intraneti.

Na mkishachagua kununua kutoka kwa kampuni yoyote, kabla ya kusaini mwambieni awatolee pale pale taarifa zote za darasa moja la majaribio kwenye faili la Excel, majina, maksi, malipo. Akisema hiyo huduma inakuja baadaye, na saini yenu ije baadaye.